Mwongozo Kamili: Kutambua, Kununua na Kutunza Nakala za Kienyeji za Sarafu za Kirumi

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ananunua sarafu ndogo ya shaba, chafu, maandishi hayasomeki, picha imefifia, kisha anaiandikia kadi: "nakala ya kienyeji, karne ya 4". Ukiiweka kwenye mizani na kuimulika kwa pembeni, unakuta ni sarafu halali ya serikali iliyochakaa kwa kutumika. Wakati huo huo, nakala ya kweli iliyokuwa kwenye kifurushi kile kile imeachwa kwa sababu ilionekana safi mno.

Kuchakaa si dalili ya unakala, na udogo peke yake si dalili pia. Mwongozo huu unakupa utaratibu wa kufikia uamuzi unaoweza kuutetea, kisha namna ya kuitunza sarafu yenyewe, hasa kama unaishi pwani ambako hewa ina unyevu mwingi.

Nakala tunazozungumzia ni zile zilizopigwa zamani zile zile, na mafundi wasio wa serikali, zaidi katika Britania na Galia (Uingereza na Ufaransa za leo). Zilitumika sokoni kama chenji pale sarafu ndogo za serikali zilipoadimika. Si bandia za kisasa. Bandia za kisasa zina hatua yake huko mbele.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kununua chochote

- Mizani ya kidijitali ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai: tofauti tunazozitafuta ni ndogo kuliko gramu moja.
- Kalipa ya kidijitali (kifaa chenye meno cha kupimia upana) inayosoma hadi milimita 0.1. Iwe ya plastiki, au funika meno yake ya chuma kwa utepe ili isikwaruze sarafu.
- Lenzi ya sonara yenye ukuzaji wa mara 10.
- Taa ndogo ya mezani inayoinama. Taa ya dari haitoshi.
- Maji yaliyokenekwa, lita 5 kwa kuanzia.
- Vijiti vya mianzi vya kuchokolea meno, mswaki laini wa mtoto, pini.
- Asetoni safi, chupa ndogo, pamoja na pamba za masikio.
- Nta ya kuhifadhia vitu vya makumbusho, ile ya aina ya maikrokristali.
- Bahasha za karatasi isiyo na asidi au vifuko vya Mylar (plastiki isiyodhuru sarafu), silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu), kopo lisilopitisha hewa na haigromita ndogo (kipimo cha unyevu wa hewa).

Kuhusu maji: Afrika Mashariki njia rahisi ni maji ya betri ya kwenye vituo vya mafuta, lakini angalia chupa vizuri. Kuna maji ya kuongezea betri, ambayo ni maji yaliyosafishwa, na kuna asidi ya betri, ambayo wauzaji wengine huiita maji ya betri vilevile. Ukikosea, sarafu inaharibika na vidole vyako vinaungua. Soma lebo mwenyewe, usitegemee neno la muuzaji.

## Hatua ya 1: Chagua kundi moja tu

Usianze na "nakala zote". Makundi makubwa ni matatu, na kila moja lina kipimo chake.

Kundi la kwanza linaiga sarafu zenye kichwa cha mfalme aliyevaa taji la miale, hasa za Tetricus wa Kwanza na mwanawe, Victorinus, na Claudius wa Pili. Zilipigwa kwa wingi katika miaka ya 270 na 280 BK.

Kundi la pili linaiga sarafu za ukoo wa mfalme Constantine, zinazoitwa kwa maandishi yaliyo juu yake: askari wawili wa GLORIA EXERCITVS, mbwamwitu wa VRBS ROMA, na mungu wa kike wa Ushindi juu ya omo la meli wa CONSTANTINOPOLIS. Nyingi ni za kati ya 341 na 348, wakati viwanda vya serikali vya kupiga sarafu huko Galia vilipopunguza sana kutoa sarafu ndogo.

Kundi la tatu linaiga sarafu zenye maandishi FEL TEMP REPARATIO na picha ya mpanda farasi anayeanguka. Kilele chake ni takriban 353 hadi 358, baada ya Magnentius, mwasi aliyejitangaza mfalme, kushindwa na fedha zake kuondolewa sokoni.

Anza na kundi la tatu. Nakala zake zinapatikana kwa urahisi, bei yake ni ya chini, na picha yake ina vitu vingi vya kukagua: askari, mkuki, farasi, mpandaji, ngao. Kila kimoja ni mahali ambapo mkono wa mchongaji asiye rasmi hujionyesha.

## Hatua ya 2: Jifunze sarafu halali kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoleta makosa mengi. Huwezi kuijua nakala kama huijui asili yake.

Fungua hifadhi ya bure ya mtandaoni iitwayo OCRE, ya American Numismatic Society, utafute FEL TEMP REPARATIO ya mfalme Constantius wa Pili kutoka viwanda vya miji ya Trier, Lyon na Arles. Tazama picha zisizopungua 50. Kisha chukua karatasi uchore sarafu hiyo kwa mkono, pande zote mbili. Uchoraji unakulazimisha kuona kile ambacho macho hupita juu yake.

Katika sarafu halali, upande wa kichwa una mfalme anayetazama kulia, amevaa taji la lulu, na maandishi D N CONSTANTIVS P F AVG. Upande wa nyuma askari mwenye kofia ya chuma anaelekea kushoto, anamchoma mkuki mpanda farasi anayeporomoka pamoja na farasi wake, na chini kuna ngao. Chini kabisa, chini ya mstari wa ardhi, kuna alama ya kiwanda: kwa Trier ni TRP au TRS, kwa Lyon ni herufi kama PLG au SLG, kwa Arles ni kama PCON au SCON.

Vipimo vya kukariri:

- FEL TEMP REPARATIO ya mpanda farasi, toleo dogo la kuanzia 353: milimita 17 hadi 19, gramu 2 hadi 2.5. Toleo la mwanzo la 348 lilikuwa kubwa zaidi, milimita 20 hadi 23.
- GLORIA EXERCITVS yenye bendera mbili, 330 hadi 335: milimita 17 hadi 18, karibu gramu 2.5.
- GLORIA EXERCITVS yenye bendera moja, kuanzia 335: milimita 15 hadi 16, karibu gramu 1.6.
- VRBS ROMA na CONSTANTINOPOLIS za mwanzo: sawa na bendera mbili.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza, bila kutazama popote, kusema askari anaelekea wapi, ngao iko wapi, na maandishi yanaanzia wapi.

## Hatua ya 3: Nunua kwa maswali

Mwulize muuzaji mambo manne: picha ya pande zote mbili, kipenyo, uzito, na historia ya sarafu, yaani ilipatikana wapi au imetoka katika mkusanyo gani. Asiyeweza kukutajia uzito hana mizani, na asiye na mizani amekisia alichokiandika kwenye tangazo.

Mifuko ya sarafu "ambazo hazijasafishwa" isiyo na historia iache. Sababu ni mbili. Kwanza, nyingi zimechimbwa bila ruhusa na kupitishwa mipakani kinyume cha sheria. Pili, nakala ikitenganishwa na mahali ilipopatikana inapoteza zaidi ya nusu ya maana yake, kwa kuwa hakuna alama ya kiwanda ya kweli ya kutuambia ilitoka wapi. Mahali ilipoonekana ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Nakala bora kwa mkusanyaji ni zile zilizoandikishwa Uingereza katika Portable Antiquities Scheme (PAS), mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa, zenye namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ihifadhi pamoja na sarafu siku zote.

Kwa walioko Uingereza wanaotembea na kifaa cha kutafutia madini: pata ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuingia. Chini ya Treasure Act ya 1996, inayohusu England, Wales na Ireland ya Kaskazini, sarafu 10 au zaidi za madini ya kawaida zenye umri wa zaidi ya miaka 300 zilizotoka mahali pamoja huhesabiwa kuwa hazina, na lazima zitolewe taarifa ndani ya siku 14. Scotland ina sheria yake: vitu vya kale vinavyookotwa ni mali ya Taji. Ireland ya Kaskazini inahitaji leseni ya kutafuta.

Na kwa walioko huku kwetu, kanuni ile ile inahusu magofu yetu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinazookotwa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara au Mafia zinalindwa na sheria za mambo ya kale. Ukiuziwa, usinunue.

## Hatua ya 4: Pima

Safisha meza, weka kitambaa, washa mizani na uiache dakika chache itulie. Pima uzito mara tatu. Pima kipenyo mahali papana na mahali pembamba, uandike vyote viwili, maana nakala nyingi si duara: zimekatwa kwa patasi kutoka kwenye bamba au kwenye sarafu kubwa ya zamani, na ukingo wake una pande zilizonyooka.

Kisha pima mhimili, yaani mwelekeo wa picha ya nyuma ukilinganisha na ya mbele. Shika sarafu kwa vidole viwili, kichwa cha mfalme kikiwa wima, yaani saa 12. Izungushe kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, uone juu ya picha ya nyuma panaelekea saa ngapi. Viwanda vya serikali vya magharibi mara nyingi vilifuata saa 6 au saa 12. Wapigaji wa kienyeji hawakujali: utakuta saa 2, saa 5, saa 9.

Tahadhari: sarafu iliyoliwa na kutu au iliyowahi kulowekwa kwenye asidi imepungua uzito. Kama uso wake una vishimo kama uso wa chapati iliyotoboka, uzito wake hauwezi kuwa ushahidi. Tumia kipenyo na mtindo tu.

## Hatua ya 5: Soma sarafu kwa mwanga wa pembeni

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe.

Zima taa ya dari. Inamisha taa ndogo mpaka mwanga upite juu ya uso wa sarafu karibu sambamba nao, kisha izungushe sarafu polepole chini ya lenzi. Mistari isiyoonekana mchana itatupa vivuli vyake. Tafuta vitu vifuatavyo kwa mpangilio huu.

Maandishi. Swali la kwanza: je, herufi zilizopo ni herufi? Mchongaji asiyejua kusoma alichora umbo la maandishi, si maandishi. FEL TEMP inageuka kuwa mfululizo wa mistari iliyosimama, IIIVIII, na REPARATIO inaishia na miduara na vijiti. Herufi hurudiwa, hugeuzwa kichwa chini au hurukwa.

Lakini kuwa mwangalifu na mambo mawili. Mchongaji rasmi naye mara nyingi aliandika A bila mstari wa katikati, hivyo "V iliyogeuzwa" si kosa. Na kama kisahani cha shaba kilikuwa kidogo kuliko muhuri uliotumika kukipigia, herufi za ukingoni hazikupata mahali pa kukaa. Herufi zinazokosekana si herufi zilizokosewa. Hesabu tu zile unazoziona.

Mwelekeo. Muhuri wa kupigia sarafu lazima uchongwe kinyume, kama muhuri wa ofisini. Mchongaji wa kienyeji aliyeweka sarafu halali mbele yake na kuichonga kama anavyoiona alipata sarafu iliyogeuka: mfalme anatazama kushoto, askari anaelekea kulia, herufi zinasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Picha iliyogeuka yote pamoja na maandishi ni ushahidi mzito sana. Ila kumbuka kwamba vichwa vya VRBS ROMA na CONSTANTINOPOLIS halali vinatazama kushoto tayari. Hapo kushoto ni kawaida, na kulia ndiko kwenye habari.

Uso wa mfalme. Mtindo rasmi una shingo yenye misuli, jicho lenye kope, sikio lililochongwa. Katika nakala jicho mara nyingi ni nukta kubwa ndani ya duara, nywele ni mistari sambamba, taji ni safu ya nukta zinazoelea juu ya kichwa bila kufungwa kisogoni, na kidevu kinaungana na shingo bila mpaka.

Askari na farasi. Fuata mkuki kutoka mkononi hadi kwenye ncha. Katika sarafu halali mkono unaushika na ncha inamfikia mpandaji. Katika nakala mkuki hupita hewani, au huanzia kwenye bega, au haupo. Farasi mara nyingi ndiye wa kwanza kuvunjika: miguu minne inakuwa mistari mitatu, shingo inajikunja kama ndoano, na mpandaji anabaki mikono miwili iliyonyooshwa bila mwili.

Alama ya kiwanda. Nakala nyingi hazina. Zikiwa nayo, huiga Trier, Lyon au Arles, mara nyingi kwa herufi mbovu. Dalili nzuri ni alama iliyo sahihi lakini isiyowezekana: alama ya Trier ya 330 hadi 335 ikiwa chini ya askari wenye bendera moja, kwa mfano, haina mahali katika orodha rasmi.

Mchanganyiko. Kichwa cha toleo moja na mgongo wa toleo jingine, kama CONSTANTINOPOLIS mbele na mbwamwitu nyuma. Viwanda rasmi viliwahi kuchanganya mihuri kwa bahati mbaya, lakini ni nadra. Mchanganyiko pamoja na mtindo hafifu ni nakala.

Sarafu chini ya sarafu. Baadhi ya nakala za mpanda farasi zilipigwa juu ya sarafu za zamani zaidi. Tafuta mstari unaopita katikati ya picha bila sababu: ukingo wa nukta mahali pasipo ukingo, nusu ya herufi kwenye shavu la mfalme, miguu ya askari wa GLORIA EXERCITVS ikichungulia chini ya farasi. Ukiipata, piga picha mara moja kwa pembe ile ile ya mwanga, kwa kuwa ukisogeza taa inapotea.

## Hatua ya 6: Toa uamuzi

Kanuni ya kufanya kazi nayo: dalili mbili zinazojitegemea au zaidi, na angalau moja iwe ya mkono wa mchongaji, yaani maandishi, mwelekeo, mtindo au mchanganyiko. Udogo, wepesi, mhimili na kisahani kisicho duara ni mashahidi wa kusaidia. Vyote vinne pamoja, bila mtindo, bado havitoshi.

Chukua mfano huu. Sarafu ina milimita 12.1 kwa 10.8, gramu 0.84, mhimili saa 4. Mbele, mfalme anatazama kulia, jicho ni nukta, maandishi yaliyobaki ni IIVTIV. Nyuma, askari ana kichwa cha nukta moja, mkuki unapita juu ya farasi bila kumgusa mtu, hakuna alama ya kiwanda. Hapo kuna maandishi mabovu, mtindo, uzito, kipenyo na mhimili. Ni nakala, na hakuna wa kubisha.

Sasa nyingine: milimita 16.5, gramu 1.9, mhimili saa 12, maandishi yamefutika nusu, askari amechakaa lakini uwiano wa mwili wake ni mzuri na mkono unashika mkuki. Hii ni halali iliyochakaa. Iandike hivyo bila masikitiko.

Wanaokudanganya macho mara kwa mara ni hawa:

- Sarafu halali ndogo za mwisho wa karne ya 4, kama SALVS REIPVBLICAE zilizoanza 388. Zina milimita 12 hadi 14 tu, na baadhi ni nyepesi kuliko gramu 1.2. Ni za serikali kabisa.
- Sarafu za viwanda vya mashariki, kama Cyzicus na Constantinople, ambazo nyakati nyingine zilichongwa kwa haraka. Herufi zake zinasomeka hata kama picha ni mbaya.
- Sarafu halali zilizokatwa ukingo. Picha inaishia ghafla kwenye mkato, lakini sehemu iliyobaki ina ukubwa wa kawaida. Kwenye nakala ndogo, mara nyingi picha yenyewe imepunguzwa.
- Nakala za Sri Lanka na kusini mwa India. Sarafu ndogo za shaba za Kirumi za karne ya 4 na ya 5 zilifika huko kwa wingi kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na Sri Lanka walizitengenezea nakala zao. Ni kundi jingine lenye sheria zake. Usizichanganye na za Galia kwa sababu tu zote ni ndogo.

Kama bado unasita, andika "haijaamuliwa" na uiweke kwenye bahasha yake. Mkusanyo wenye bahasha kumi za namna hiyo ni wa kuaminika kuliko usio na hata moja.

## Hatua ya 7: Hakikisha si bandia ya kisasa

Nakala za bei ndogo haziigwi sana leo, lakini zenye picha ya ajabu, zilizogeuka au zenye mchanganyiko, zina faida ya kutosha kumvuta mdanganyifu.

Kagua ukingo kwa lenzi. Mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote, au alama ya kusagwa kwa tupa, ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Vishimo vidogo vya mviringo usoni ni viputo vya hewa. Tahadhari moja: Warumi wa zamani nao walimimina nakala kwenye kalibu za udongo, zikiwemo za Misri. Tofauti ni utando wa umri, patina, ambao kwenye sarafu ya kale umeingia mpaka ndani ya mstari wa ukingo na ndani ya viputo.

Kisha chovya pamba kwenye asetoni safi na usugue kwa upole mahali pamoja. Patina ya kweli haitoki. Rangi ya kupaka itaacha doa la kijani au kahawia kwenye pamba. Fanya hivi dirisha likiwa wazi na mbali na moto, asetoni inawaka haraka.

Mwisho, linganisha na picha za sarafu nyingine za muuzaji huyo huyo. Sarafu mbili zenye ufa ule ule wa ukingoni na mkwaruzo ule ule haziwezi kuwa za kale zote mbili. Mihuri inaweza kufanana. Makovu ya maisha hayawezi.

## Hatua ya 8: Safisha, lakini kidogo

Loweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa ndani ya chupa ya kioo, kila moja peke yake. Badilisha maji kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku 3. Kila unapobadilisha, piga mswaki laini na uchokonoe udongo kwa kijiti cha mwanzi chini ya lenzi. Kazi inaweza kuchukua mwezi.

Usitumie ndimu, siki, soda, ukwaju wala dawa ya kung'arishia sufuria. Zote ni asidi au zina mchanga wa kusugulia, na kwenye nakala ya unene wa milimita moja, picha yote imo ndani ya patina: ukiivua patina umeivua picha. Usitumie umeme pia. Mafuta ya zeituni yanayosifiwa mtandaoni nayo yana asidi yake na hufanya patina iwe nyeusi.

Acha pale herufi zinaposomeka. Sarafu isiyong'aa, yenye udongo mgumu kwenye mabonde na picha ikiwa wazi, ndiyo iliyosafishwa vizuri.

## Hatua ya 9: Chunguza ugonjwa wa shaba

Huu ndio unaomaliza mikusanyo ya pwani. Chumvi za kloridi zilizobaki ndani ya shaba zikikutana na unyevu na hewa, hutengeneza asidi inayokula shaba, na asidi hiyo inazalisha kloridi nyingine. Haikomi yenyewe.

Dalili ni unga wa kijani kilichopauka, laini, unaochomoza katika madoa. Ukiufuta, unarudi baada ya siku chache. Patina nzuri ni ngumu na haifutiki.

Jaribio: weka sarafu kwenye kopo dogo lenye kifuniko pamoja na pamba yenye maji, zisigusane. Subiri saa 24 hadi 48. Madoa mapya ya kijani yakitokea, ni mgonjwa. Mtenge na wengine wakati wa matibabu ili ufuatilie madoa yake bila kuchanganya.

Matibabu: toa unga wote kwa pini chini ya lenzi. Kisha loweka kwenye mchanganyiko wa gramu 28 za sodiamu kaboneti isiyo na maji na gramu 22 za sodiamu baikaboneti katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Badilisha kila wiki kwa wiki 3 au zaidi, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa kwa siku kadhaa. Mchanganyiko huu unaweza kubadilisha rangi ya patina, kwa hiyo ni wa wagonjwa tu.

Wajuzi wa kemia watagundua kwamba hiyo ndiyo chumvi iliyomo kwenye magadi ya Ziwa Magadi. Hata hivyo usitumie magadi ya sokoni. Yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ya kawaida ni kloridi, yaani sumu ile ile unayojaribu kuitoa.

Baada ya kusuuza, tumbukiza sarafu kwenye asetoni kwa dakika 10 ili maji yatoke, iache ikauke, kisha paka nta nyembamba kwa pamba na usugue. Rudia jaribio la kopo baada ya mwezi.

## Hatua ya 10: Andika na upige picha

Nakala hazina namba zake katika orodha kuu ya sarafu za dola, RIC. Taja toleo linaloigwa, kisha neno nakala. Kadi nzuri inasomeka hivi:

"Nakala ya kienyeji ya FEL TEMP REPARATIO, mpanda farasi, Constantius II, bila alama ya kiwanda. Takriban 353–358. 12.1 × 10.8 mm, 0.84 g, saa 4. Mbele: IIVTIV. Dalili: maandishi, mtindo, uzito, mhimili. Chanzo: mkusanyo wa Uingereza, namba ya PAS kama ipo."

Andika herufi unazoziona tu, hata kama hazina maana. Usimkamilishie mchongaji maneno. Mwenye kutafuta sarafu nyingine ya muhuri ule ule atatumia IIVTIV yako, si CONSTANTIVS uliyoikisia.

Picha ziwe nne: mbele, nyuma, na kila upande tena kwa mwanga wa pembeni, rula ikiwa kando.

## Hatua ya 11: Hifadhi kwa hali ya hewa yako

Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70. Shaba yenye kloridi inataka chini ya 40. Droo ya kabati haitoshi, hata iwe ya mninga.

Weka sarafu kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au vifuko vya Mylar. Vifuko laini vya PVC epuka kabisa: joto linavifanya vitoe mafuta ya kijani yanayoganda kwenye sarafu na kuila. Panga bahasha ndani ya kopo lisilopitisha hewa, tia haigromita na gramu 50 za silika jeli kwa kila lita ya nafasi. Nunua ile inayobadilika rangi inaposhiba unyevu, ikaushe kwenye oveni kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti yake, na uiache ipoe kwenye chombo kilichofungwa kabla ya kuirudisha.

Fungua kopo asubuhi yenye jua kavu, si wakati wa mvua, na usilifungue zaidi ya inavyohitajika. Kila baada ya miezi 3 pitisha lenzi kwenye kila sarafu ukitafuta kijani kilichopauka. Masika yakikaribia, kagua kila mwezi.